Kushusha Gari: Springi Fupi au Koilova?



Katika barua tulizoletewa mwezi huu, moja imetushughulisha kuliko zote. Imeandikwa na mzazi mmoja hapa Uingereza, naye anauliza jambo ambalo huenda baadhi ya wakubwa wakalicheka. Mwanawe, mwenye umri wa miaka 21, amefanya kazi ya usiku ghalani kwa mwaka mzima, akanunua gari lake mwenyewe, Volkswagen Golf lililokwishatumika, na sasa anataka kulishusha likaribie ardhi. Fedha anazo. Amebakiwa na shaka moja tu: anunue springi fupi au anunue koilova? Baba hajui hata moja kati ya hizo. Ajualo ni kwamba gari hilo hilo ndilo linalompeleka bibi hospitali kila baada ya wiki mbili, na ndilo linalowachukua wadogo zake kijana madrasa nyakati za jioni. "Maalim," ameandika, "nimwambie nini pasina kugombana naye?"

Wako watakaosema kuwa jibu ni fupi: amkataze. Sisi hatuoni hivyo. Kijana aliyenunua gari kwa jasho lake, kisha akamwendea babake kabla ya kuligusa, ameonyesha adabu isiyostahili kujibiwa kwa amri. Tena hamu hii si ngeni katika nchi hii. Lilikuwapo jarida zima la mambo haya, Max Power, lililoanza mwaka 1993 na kufungwa mwaka 2011, na watoto wetu walilisoma kama walivyolisoma wenzao. Hao waliokuwa vijana wakati huo leo ni akina baba wenye mvi, na baadhi yao ndio wanaokaza sauti zaidi katika kuwakanya wana wao.

Basi na tulichukulie swali hili kuwa ni swali la elimu, maana ndivyo lilivyo.

Gari husimama juu ya vitu viwili vinavyofanya kazi pamoja katika kila gurudumu. Cha kwanza ni springi, nayo ndiyo inayobeba uzito. Cha pili ni shokapu. Wengi hudhani kuwa shokapu ndiyo inayopokea kishindo cha shimo au tuta. Sivyo. Kishindo hupokewa na springi, nayo hubonyea. Lakini springi ikishabonyea hutaka kuruka, na ikisharuka hutaka kubonyea tena, na ingeachiwa ingelirusha gari juu na chini mfano wa mtoto juu ya godoro. Shokapu ni silinda yenye mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Mafuta yanapolazimishwa kupita katika vitundu hivyo, ule mwendo hugeuka joto na gari likatulia. Springi na shokapu ni kinu na mchi. Kimoja hupimwa kwa kingine. Atakayelishika neno hili ameshashika nusu ya mas'ala yetu.

Sasa, springi fupi ni nini? Ni springi iliyotengenezwa kiwandani iwe fupi kuliko ile ya asili, aghalabu ikalishusha gari kwa milimita 25 hadi 40. Hutiwa mahali pa ile ya zamani, na ikishatiwa haina marekebisho: kimo ulichokinunua ndicho utakachokaa nacho. Lakini haitoshi iwe fupi tu. Lazima iwe ngumu zaidi, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Tuseme gurudumu lilikuwa na nafasi ya kupanda milimita 80 kabla ya kugonga raba ya kizuizi. Ukilishusha gari milimita 40, umeila nusu ya nafasi hiyo. Springi laini itaimaliza iliyobaki katika shimo la kwanza, na gari litagonga raba kwa kishindo kinachofika hadi mgongoni mwa abiria. Kwa hiyo mtengenezaji huongeza ugumu, na abiria huhisi kila kijiwe.

Wanafunzi wetu wa zamani watakumbuka kanuni ya Robert Hooke, iliyochapishwa mwaka 1678, kwamba kadiri unavyozidisha nguvu ndivyo springi inavyozidi kubonyea kwa kiwango kile kile. Lisilokumbukwa sana ni namna ugumu wenyewe unavyopatikana. Unene wa waya ndio mkubwa wa mambo: ukiuongeza kutoka milimita 12 hadi 13 tu, na mengine yote yakabaki yalivyo, ugumu huzidi kwa zaidi ya theluthi moja. Na idadi ya mizunguko nayo ina hukumu yake, kwani mizunguko ikipungua springi huwa ngumu zaidi. Hapa ndipo ilipo hatari ya ile tabia ya kuzikata springi za asili kwa msumeno, ambayo haijatoweka. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiikata mmoja, ugumu wake hupanda kwa asilimia 20, na hilo pekee halitoshi kufidia nafasi iliyopotea. Zaidi ya hayo, ncha iliyokatwa haikai sawasawa katika kikalio chake, na gari likiinuliwa kwa jeki springi inaweza kuning'inia na kuchomoka. Springi isiyokaa mahali pake ni kosa la kuanguka katika ukaguzi wa kila mwaka, MOT, nasi tunasema huo ndio wepesi wa adhabu zake. Jambo hili halina mjadala. Msumeno usikaribie springi.

Turudi kwenye kinu na mchi. Kijana akitia springi fupi na ngumu, akaziacha shokapu za asili, amefunga ndoa isiyo na kafaa. Shokapu ile ilipimwa kwa springi laini, na sasa inatakiwa kuituliza springi yenye nguvu zaidi, tena katika sehemu ya chini ya mwendo wake ambako haikukusudiwa kukaa. Ikiwa shokapu ni mpya na gari limeshushwa kidogo, kiasi cha milimita 25 au 30, huvumilia. Ikiwa zimekwishakwenda maili 70,000, hazitavumilia. Gari litakuwa likidunda katika barabara kuu, na gurudumu linalodunda halishiki lami wakati wa breki. Kwa hiyo bei ya springi peke yake, ambayo hapa kwa kawaida ni baina ya pauni 150 na 300, ni bei ya nusu ya kazi. Bei ya haki ni springi pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake.

Na koilova? Jina limetoka katika lugha ya Kiingereza, na maana yake ni springi iliyovishwa juu ya shokapu. Mtu atauliza: je, si ndivyo yalivyo magari mengi kwa mbele? Naam, ndivyo. Ile nguzo ya mbele yenye shokapu ndani na springi nje ni ya mhandisi wa Kimarekani Earle MacPherson, na Ford wa hapa Uingereza waliitia katika magari yao ya Consul na Zephyr tangu mwanzo wa miaka ya 1950. Linaloitofautisha koilova ya madukani ni hesi. Mwili wa shokapu umechongwa hesi kama ya bolti, na kikalio cha springi ni nati kubwa inayozungushwa kwa spana maalumu. Ukiipandisha gari hupanda, ukiishusha gari hushuka. Zile za bei ya juu zina pia kitufe cha kuongeza au kupunguza ukali wa shokapu. Katika Golf za miaka hii springi za nyuma zimesimama mbali na shokapu zake, kwa hiyo hata seti inayouzwa kwa jina la koilova huwa na koilova za kweli mbele tu, na nyuma ni springi yenye kikalio cha kupandishwa na kushushwa. Kijana asishangae akifungua boksi.

Faida ya koilova ni dhahiri. Kwanza, springi na shokapu zimetoka mkono mmoja, zimepimwa pamoja. Pili, kimo kinachaguliwa na kubadilishwa. Kwa mtu anayekwenda katika viwanja vya mbio siku za mapumziko, au anayetaka kila pembe ya gari ibebe uzito anaoutaka yeye, hakuna kifaa kingine cha kumfaa.

Walakini hiyo hiyo faida ya pili ndiyo mlango wa matatizo. Gari ni kama kitanda cha miguu minne: ukiuongeza urefu mguu mmoja, uzito huuhamia mguu huo pamoja na ule wa pembe inayoukabili, na mingine miwili hupungukiwa. Kijana anayezungusha nati moja Jumamosi hii na nyingine Jumamosi ijayo, kwa kupima kwa jicho, anaweza kulifanya gari likavuta upande wakati wa breki asijue sababu. Kila anapobadilisha kimo hubadilika pia mwelekeo wa magurudumu, na hutakiwa kulirudisha gari kwa fundi likapimwe upya. Asipofanya hivyo atayakuta matairi yake yameliwa ukingo wa ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka nyuzi za chuma zitokeze.

Kisha ipo baridi ya nchi hii. Barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa majira ya baridi, na chumvi haina huruma na hesi. Koilova isiyosafishwa kwa brashi na kupakwa grisi inayofaa kabla ya Novemba, ikafanyiwa hivyo kila mwaka, hushikana kutu. Na koilova iliyoshikana kutu ni springi fupi iliyonunuliwa kwa bei ya mara tatu. Tumeziona seti zinazouzwa kwa chini ya pauni 300 kamili, mbele na nyuma. Kwa fedha hizo fundi hawezi kukupa chuma kizuri, shokapu nzuri na hesi nzuri kwa pamoja. Kimojawapo, au vyote vitatu, vimepunjwa. Seti za kuaminika huanzia kiasi cha pauni 600 au 700 na hupanda hadi 2,000 na zaidi. Hukumu yetu kwa kijana mwenye mfuko wa wastani ni hii: springi nzuri ni bora kuliko koilova mbaya, na wala hazikaribiani.

Kuhusu watengenezaji, hatulipwi na yeyote, ila mtu akiuliza pa kuanzia tutamwelekeza Ujerumani. Eibach, H&R, Bilstein na KW wote ni wa huko, na sheria ya Ujerumani haimruhusu mtu kubadilisha springi za gari bila ya hati zinazokubaliwa na wakaguzi. Kwa sababu hiyo bidhaa zao huja na karatasi zinazotaja ni gari gani, uzito gani juu ya kila ekseli, na milimita ngapi. Hata anayenunua hapa, ambako karatasi hizo hazidaiwi, azitake na azisome. Golf la dizeli ni zito mbele kuliko la petroli, na springi ya hili si springi ya lile.

Sasa tufike kwa bibi. Magari mengi ya kiasi hiki huacha nafasi ya milimita 130 hadi 160 baina ya tumbo lake na ardhi. Matuta ya barabarani, kwa kanuni za Uingereza na Wales za mwaka 1999, yanaruhusiwa kufika kimo cha milimita 100. Gari likishushwa milimita 40, kisha wakaingia watu watano na sufuria la biriani la Idi katika buti, kilichobaki chini ya bomba la moshi ni kidogo mno, na magurudumu ya mbele yanaposhuka kutoka kwenye tuta, tumbo ndilo linalolivuka. Tena mtu mwenye maumivu ya magoti huingia garini kwa kukaa kwanza kisha kugeuza miguu; kila milimita anayoshuka zaidi ni milimita atakayoinuliwa na mjukuu wake wakati wa kutoka. Tunapendekeza jambo moja la vitendo. Kabla ya kununua chochote, baba na mwana wamkalishe bibi juu ya kiti cha kawaida, kisha juu ya kigoda kilicho kifupi kidogo, na kijana mwenyewe amsaidie kusimama mara zote mbili. Ataelewa upesi kuliko kwa maneno yetu.

Kwa wale wenye nia ya kulisafirisha gari baadaye kwenda Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, kama wengi wafanyavyo, hatuna haja ya kurefusha. Matuta ya huko wanayajua.

Liko jambo jingine ambalo kwa maoni yetu ni zito kuliko chuma chote tulichokitaja, nalo ni bima. Kulishusha gari ni kulibadilisha, na kampuni ya bima hutaka kuambiwa. Sheria ya bima ya mwaka 2012 inamtaka mnunuzi achukue uangalifu wa kutosha asitoe maelezo ya uongo anapoulizwa. Na ikithibiti kuwa amedanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuufuta mkataba tangu mwanzo, ikakataa kulipa, na isirudishe hata fedha alizokwishatoa. Aliyeumizwa barabarani kwa kawaida hulipwa, lakini kampuni inaweza kumgeukia mwenye gari kumdai kilicholipwa. Hesabu ya jeraha la mtu katika nchi hii yaweza kufika malaki ya pauni. Nyumba inauzwa.

Na wala mambo hayaishii hapo. Bima iliyofutwa hutajwa katika kila fomu ya bima itakayojazwa baadaye, na bei hupanda ipasavyo. Bima ikifutwa na kijana akaendelea kuendesha, kosa la kuendesha bila bima lina pointi 6 hadi 8, na kwa aliyepata leseni chini ya miaka miwili iliyopita, pointi 6 zatosha kumpokonya leseni chini ya sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995. Anaanza upya na mtihani.

Tunasikia vijana wakisema, "Springi hazionekani, nani atajua?" Mkadiriaji wa ajali atajua, hiyo ndiyo kazi yake, na springi za kununuliwa mara nyingi zimepakwa rangi nyekundu au buluu, kama vile zinataka zionekane. Lakini hata asingelijua mtu, fomu ya bima ni ahadi iliyoandikwa na kutiwa saini, na ghushi ni ghushi hata ikifanyiwa kampuni yenye jengo la ghorofa 20. Na kwa kuwa tumeufungua mlango huu, wazazi nao wasikilize: kuandika kuwa baba ndiye mwendeshaji mkuu wa gari ambalo kwa kweli ni la mwana, ili bei ipungue, ni udanganyifu ule ule, nao umeenea katika majumba yetu kuliko springi fupi. Kijana anayeona babake akiifanya hila hiyo atajifunza nini kuhusu fomu?

Jibu letu kwa mzazi, basi, ni hili. Kwa gari linalobeba familia, koilova hazina mahali. Zitadai fedha, muda na uangalizi kwa ajili ya kimo ambacho kijana atakichagua mara moja na kutokibadilisha tena. Ikiwa moyo wake umeng'ang'ania, na achukue springi za kushusha milimita 25 au 30, si zaidi, pamoja na shokapu nne mpya zinazolingana nazo. Kwanza aipigie simu kampuni ya bima, apate jibu kwa maandishi na kujua nyongeza ni kiasi gani. Huenda nyongeza hiyo ikaimaliza hamu yenyewe, na huo utakuwa uamuzi wake, si amri ya baba. Akiwa tayari kungoja miaka miwili au mitatu mpaka awe na gari la pili ambalo bibi hapandi, hapo na azifikirie koilova nzuri kwa nafasi.

Kazi yenyewe asiifanye uwanjani kwa spana za kuazima. Springi ya mbele huondolewa kwa kubanwa kwanza. Springi yenye ugumu wa nyutoni 25 kwa kila milimita, ikibanwa milimita 150, inasukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 380 na ushei. Kibanio cha bei rahisi kikiteleza, chuma hicho huruka kuelekea kwenye uso wa aliyeinama juu yake. Aende kwa fundi mwenye vifaa, abadilishiwe na raba za juu na boliti zilizokula kutu kwa malipo yale yale. Kabla ya kuondoka nyumbani apime kwa futi ya kushona ya mamake kimo cha kila pembe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, aandike nambari nne. Apime tena baada ya kazi, na tena baada ya wiki mbili, kwani springi mpya hukaa kidogo. Baada ya hapo ndipo apelekwe kupimwa mwelekeo wa magurudumu na kimo cha taa za mbele. Na gari likiwa ni la miaka ya karibuni lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele ya kulisaidia kushika breki au kufuata mstari, amuulize fundi kama kamera hiyo inahitaji kupimwa upya, maana nyingi huhitaji gari linapobadilishwa kimo.

Wasomaji wawili wametuuliza kuhusu matairi ya majira ya baridi. Tutawajibu mwezi ujao, insha Allah.